Farasi wa Dresaji Kama Kazi ya Pembeni: Jinsi ya Kuishi na Kodi ya Marekani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Marekani, mwenye mshahara wake wa hospitali, ghala au ofisi, ambaye pembeni anazalisha na kufundisha farasi wa dresaji, au anafikiria kuanza. Usidhani watu hao hawapo kati yetu. Lexington, katika jimbo la Kentucky, ni mji wa farasi kwa kila hali: chama cha taifa cha michezo ya farasi na kile cha dresaji vyote vina ofisi zake kuu ndani ya bustani ya Kentucky Horse Park. Mji huohuo una Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kazini. Anayeingia bandani kama mfanyakazi wa kusafisha leo, kesho anaweza kuwa na farasi jike wake mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, dresaji haina mbio wala kuruka viunzi. Farasi na mpandaji hupimwa kwa mienendo, jinsi anavyotembea, anavyokimbia polepole, anavyopinda na kubadili mguu, hadi ngazi ya juu ambako hunyanyua miguu kwa mdundo huku akibaki palepale. Majaji hutoa alama kwa kila hatua. Zawadi zake ni ndogo zikilinganishwa na za mbio, kwa hiyo anayetaka fedha huzipata kwingine: kuuza farasi waliokwisha kufundishwa, ada ya mbegu ya dume, masomo ya kupanda, na kufundisha farasi wa watu wengine.

Gharama ndizo zisizosubiri. Nyasi kavu, fundi wa kwato, daktari wa mifugo, bima, mbegu iliyogandishwa kutoka Ujerumani au Uholanzi, ada za mashindano, dizeli ya gari la kuvuta tela. Ukijumlisha mwaka mzima, hasara iko wazi. Hapo ndipo swali la kodi linapozaliwa: je, hasara hiyo inaweza kupunguza kodi ya mshahara wako?

Kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki swali hili lina ugeni wake. Kenya na Tanzania hasara ya kilimo hubaki ndani ya kilimo. Haivuki uzio kwenda kula mshahara. Marekani inaruhusu ivuke, na kwa kuwa inaruhusu, inashuku. Kanuni karibu zote utakazosoma hapa chini zimetokana na shaka hiyo moja, kwamba tajiri anayependa farasi atawaita farasi wake biashara ili serikali imsaidie kuwalisha.

Biashara au hobi

Kifungu kinachotawala ni cha 183 cha sheria ya kodi ya serikali kuu, kilichotungwa 1969. Kinauliza kama shughuli yako inafanywa kwa nia ya kupata faida. Ikiwa ndiyo, unakata gharama zote za kawaida na za lazima, na hasara inayobaki inapunguza mapato yako mengine. Ikiwa siyo, unaingia kundi la hobi, na siku hizi kundi hilo lina adhabu kali kuliko zamani. Hadi 2017 mwenye hobi aliweza kukata sehemu ya gharama zake kwa masharti. Sheria iliyoanza kutumika 2018 ilisimamisha nafuu hiyo, na sheria ya Julai 2025 ikaizika moja kwa moja. Mapato ya hobi yanatozwa kodi, gharama zake hazikatwi. Kinachosalia ni bei uliyonunulia kitu ulichouza, ambayo bado unaweza kuiondoa.

Tuweke namba. Tuseme mwaka huu umeingiza dola 9,000 kwa masomo na kwa kufundisha farasi wa jirani, na umetumia dola 31,000. Ukiwa mfanyabiashara, una hasara ya 22,000, na kama kiwango chako cha juu cha kodi ni asilimia 22, umeokoa dola 4,840. Ukiwa mwenye hobi, unalipia kodi zile 9,000 zote kana kwamba hukununua hata mzigo mmoja wa nyasi. Farasi ni walewale na mwaka ni uleule.

Ipo njia ya mkato ambayo kila mtu bandani ataitaja, mara nyingi kwa makosa. Biashara za kawaida zikipata faida miaka 3 kati ya 5, sheria inachukulia kwamba zina nia ya faida. Kwa shughuli ambayo sehemu yake kubwa ni kuzalisha, kufundisha, kuonyesha au kukimbiza farasi, kipimo ni miaka 2 kati ya 7. Sababu yake si upendeleo mtupu. Ukimpandisha jike wako Aprili 2026, mimba ya miezi 11 itakupa mtoto Machi 2027. Atavishwa tandiko kwa mara ya kwanza 2030, na mnunuzi wa maana huenda akaonekana 2031. Ukitaka afike ngazi ya Grand Prix, kanuni za kimataifa zenyewe hazimruhusu kabla ya kutimiza miaka 8. Sheria ya miaka 5 ingemhukumu mfugaji kabla farasi wake hajapata mnunuzi.

Makosa ya watu ni mawili. La kwanza ni kudhani kwamba asiyefikisha miaka 2 kati ya 7 ameshindwa. Sivyo. Aliyefikisha anapata dhana ya kisheria upande wake, na mzigo wa kuthibitisha kinyume unakuwa wa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Asiyefikisha anabeba mzigo huo mwenyewe, basi. La pili ni kudhani kwamba dhana hiyo inarudi nyuma kufunika miaka yote. Hairudi. Ukipata faida 2023 na 2025, inakulinda kwa 2025 na miaka inayofuata hadi 2029, ambapo ile miaka saba iliyoanza 2023 inakwisha. Hasara ya 2024 inajitetea yenyewe.

Kuna wanaoisukuma faida kwa kalenda: bili za Desemba zinalipwa Januari, farasi anauzwa wiki moja kabla ya mwaka kwisha. Kwa anayetumia hesabu za fedha taslimu hilo si haramu. Lakini faida ya dola 300 iliyosimama kati ya hasara za 25,000 kila upande haimpendezi mkaguzi, na kanuni zenyewe zinasema faida ndogo ya hapa na pale mbele ya hasara kubwa haina uzito.

Hukumu mbili za mwaka mmoja

Usipopata msaada wa miaka 2 kati ya 7, kanuni za wizara ya fedha zina mambo tisa ya kupima. Unavyoendesha shughuli. Ujuzi wako na wa washauri wako. Muda unaoutoa. Matumaini kwamba mali itapanda thamani. Mafanikio yako katika biashara nyingine. Historia ya faida na hasara. Faida za mara moja moja. Utajiri wako kutoka kwingine. Na la mwisho, ambalo wapenda farasi hulichukia: raha unayoipata. Hakuna hesabu ya kura tano kwa nne. Jaji huyapima yote kwa pamoja. Katika kesi za farasi, hata hivyo, la kwanza ndilo linalobeba mengine.

Mwaka 1979 Mahakama ya Kodi ya Marekani ilitoa hukumu mbili ambazo wanasheria wa farasi wanazitaja hadi leo. Katika moja, daktari wa kunyoosha meno na mkewe walikuwa wakizalisha farasi wa aina ya saddlebred na kupata hasara mfululizo. Walishinda. Walikuwa wametafuta ushauri wa watu wanaoijua kazi, walifanya kazi ngumu za banda kwa mikono yao, walitangaza farasi wao, na soko lilipowageuka walibadili mwenendo. Mahakama ilikubali kwamba miaka 5 hadi 10 ya mwanzo ni kipindi cha kujenga katika uzalishaji wa farasi wa aina ile. Katika ya pili, mfugaji wa farasi wa Kiarabu alishindwa. Vitabu vya hesabu alikuwa navyo. Jaji aliona vitabu lakini hakuona mahali vilipotumika kupunguza gharama, kuongeza faida au kupima mwenendo wa shughuli.

Hilo ndilo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote humu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na washauri wengi huishia hapo: tunza risiti, fungua akaunti. Mahakama imekwenda mbele zaidi ya wahenga. Daftari lisilobadili uamuzi wowote ni kumbukumbu ya hobi iliyoandikwa vizuri. Anayetafuta faida akipoteza fedha hufanya jambo: huuza jike asiyezaa, huhama banda la bei kubwa, huacha kupeleka mashindanoni farasi asiyeleta wateja, hupandisha bei ya masomo, hubadili mkufunzi. Mwenye hobi akipoteza fedha hufanya kilekile mwakani, kwa sababu alichokitafuta alishakipata Jumamosi asubuhi juu ya tandiko.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua akaunti ya benki ya farasi peke yake, na usiitumie kununulia chakula cha nyumbani hata siku moja. Andika mpango wa biashara wenye namba: majike wangapi, watoto wangapi kwa mwaka, gharama ya kumfikisha kila mmoja umri wa kuuzwa, bei ambayo farasi wa damu na mafunzo kama hayo wanauzwa kweli katika eneo lako. Bei hizo zitoe kwenye minada na mauzo unayoweza kuyaonyesha, si kwenye ndoto. Kisha kila mwisho wa mwaka kaa na mpango ule, linganisha na kilichotokea, na uandike ukurasa mmoja unaosema nini kimeenda kombo na utabadili nini. Weka tarehe. Mwaka unaofuata onyesha kwamba ulibadili. Kurasa hizo zikifika tano au sita zitakusaidia kuliko sanduku zima la risiti, ingawa risiti nazo zitahitajika.

Mpango wako pia lazima uonyeshe kwamba faida ya mbele inaweza kufidia hasara za nyuma. Tangu hukumu ya 1965 iliyomhusu mfugaji wa farasi wa damu ya Hungaria, mahakama imesisitiza kwamba kusema "mwaka wa kumi nitapata faida kidogo" hakutoshi ikiwa miaka tisa ya mwanzo imemeza fedha zisizoweza kurudi. Fanya hesabu hiyo mapema. Ukiona hairudi hata kwa matumaini makubwa, umejua jambo la thamani kabla ya kumlipa mwanasheria.

Kuhusu ujuzi, mtu hatarajiwi kuwa bingwa. Anatarajiwa kuuliza. Lakini waulize wajuzi wa aina mbili: wa farasi, na wa biashara ya farasi. Majalada mengi ya kesi yamejaa ushauri wa daktari wa mifugo na mkufunzi, na hayana hata karatasi moja ya mtu aliyeulizwa "hii inalipaje?"

Na raha? Usimwambie mkaguzi kwamba huwapendi farasi. Hatakuamini, na hana haja. Sheria haidai uteseke. Inachotaka ni kuona kazi ambayo mtu wa burudani asingeifanya: kuamka saa nane za usiku jike anapozaa, kubeba samadi kwenye baridi ya Januari, kumuuza farasi umpendaye kwa kuwa bei imefika. Hilo la mwisho lina nguvu ya pekee. Mtu ambaye hajawahi kuuza farasi hata mmoja atapata taabu kueleza anauza nini.

Saa zako zinahesabiwa

Kuna mlango wa pili, na watu huupita bila kuuona. Hata kama shughuli ni biashara halali, hasara yake haipunguzi mshahara ikiwa hushiriki kwa vitendo. Kipimo kinachojulikana zaidi ni zaidi ya saa 500 kwa mwaka. Kingine ni zaidi ya saa 100, mradi hakuna mtu mwingine, hata mfanyakazi, aliyetoa saa nyingi kuliko wewe. Saa za mume na mke zinajumlishwa. Ukimkabidhi mkufunzi farasi, akamlisha, akampanda, akampeleka mashindanoni, nawe ukawa wa kulipa ankara na kupiga picha, hasara yako inafungiwa. Haipotei, inasubiri miaka ya mbele hadi upate mapato ya aina hiyohiyo au uachane na shughuli kabisa.

Mfano maarufu ni wa Rafalca, farasi jike wa aina ya Oldenburg aliyeshiriki dresaji ya Olimpiki ya London 2012 chini ya mpandaji Jan Ebeling. Mmoja wa wamiliki wake alikuwa Ann Romney, na mumewe Mitt Romney alikuwa akigombea urais. Ritani yao ya 2010 ilionyesha hasara ya dola 77,731 iliyotokana na sehemu yao ya farasi huyo, na nchi nzima ikacheka kwamba walipakodi wanamlisha farasi wa tajiri. Waliocheka hawakusoma ukurasa uliofuata. Kwa sababu ya kanuni hii ya ushiriki, kiasi walichoweza kukitumia mwaka ule hakikufika hata dola mia moja.

Wewe mwenye zamu za saa 12 hospitalini una swali gumu zaidi: saa 500 zitatoka wapi? Ni kama saa 10 kwa wiki. Zinapatikana, lakini ziandike wakati zinapotokea. Kalenda ya simu yenye mistari mifupi inatosha: "Jumanne, saa 11 hadi 1 jioni, kumzungusha mtoto wa miaka mitatu kwa kamba, kusafisha mabanda manne." Orodha iliyotungwa miaka mitatu baadaye, yenye saa mbili kamili kila siku pamoja na Krismasi, majaji wameiona mara nyingi na wana jina lake. Tena, kusoma ripoti za mkufunzi na kukagua mahesabu kwa jicho la mwekezaji hakuhesabiwi, isipokuwa uwe unasimamia mambo ya kila siku.

Fomu gani, na farasi ni nini kwenye vitabu

Kuzalisha na kulea farasi wako ni ukulima machoni pa sheria, na mahesabu huenda Jedwali F la ritani. Masomo ya kupanda na kulaza farasi wa watu kwa malipo mara nyingi huenda Jedwali C. Kutenganisha fomu hakumaanishi kutenganisha shughuli: kwa ajili ya kifungu cha 183, kazi zinazofanyika mahali pamoja, kwa vifaa vilevile na kwa lengo moja zinaweza kuhesabiwa kuwa shughuli moja. Pigania hilo kama ndivyo hali ilivyo, maana mapato ya masomo yanaweza kubeba miaka ya kungoja watoto wakue. Faida halisi kwenye majedwali yote mawili huvuta pia kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3.

Sasa farasi mwenyewe. Uliyemnunua kwa ajili ya kuzalisha au kushindana ni mali ya biashara, na bei yake unaikata kidogo kidogo kama uchakavu. Wa kuzalisha huingia kundi la miaka 7. Akiwa na zaidi ya miaka 12 siku unapoanza kumtumia, kundi la miaka 3. Kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19, 2025, sheria ile ya Julai 2025 inaruhusu kukata bei yote mwaka wa kwanza. Wahasibu wengi watakusukuma huko. Mimi ningesita. Jike wa dola 40,000 aliyekatwa mara moja anaifanya hasara ya mwaka wa kwanza ionekane kama kilima, wakati ambapo mapato yako ya farasi ni sifuri na hoja yako ya nia ya faida ingali changa.

Zaidi ya hayo, ulichokata kitakurudia siku ya kuuza. Tuseme ulimnunua jike kwa 20,000, ukakata uchakavu wa 12,000, kisha ukamuuza kwa 30,000. Kwenye vitabu alibaki na thamani ya 8,000, hivyo faida ni 22,000. Zile 12,000 za kwanza zinatozwa kama mapato ya kawaida. Ni uchakavu ule unaorudishwa. Zinazobaki 10,000 zinaweza kupata kiwango nafuu cha faida ya mtaji, ambacho kwa wenye mshahara wa kati ni asilimia 15, lakini kwa sharti moja: farasi awe amekaa mikononi mwako miezi 24 au zaidi kwa ajili ya kuzalisha au mchezo. Kwa mali nyingine mwaka mmoja unatosha. Kwa farasi na ng'ombe sheria inataka miwili. Ukimpata mnunuzi mwezi wa 23, hesabu kabla ya kusaini. Mauzo hayo huenda Fomu 4797 na hayaguswi na kodi ya kujiajiri. Farasi uliyemfuga hasa kwa ajili ya kuuza ni bidhaa. Faida yake ni mapato ya kawaida, na kodi ya kujiajiri inamfuata. Kwa hiyo andika tangu mwanzo kila mmoja yuko kwa kazi gani, na matumizi yake yaendane na maandishi.

Mtoto aliyezaliwa bandani kwako hana bei ya kununuliwa. Mbegu, nyasi, chanjo na mafunzo yake umeshakata mwaka baada ya mwaka, hivyo kwenye vitabu thamani yake ni sifuri. Akiuzwa akiwa na miaka minne kwa 35,000, zote ni faida, na kwa kuwa hakuna uchakavu wa kurudisha, aliyekusudiwa kuzalisha au kushindana anapata kiwango nafuu kwa kiasi chote. Upande wa pili unauma: akifa kwa msokoto wa tumbo, na wengi hufa hivyo, huna hasara ya kudai hata kama kulikuwa na mnunuzi aliyekwisha kutaja bei. Kwa watoto wa damu nzuri, bima ya vifo inastahili kufikiriwa kwa sababu hiyo. Kubadilishana farasi kwa farasi bila kodi, desturi ya zamani ya wafugaji, kulikoma 2018. Sasa nafuu hiyo ni ya ardhi na majengo tu.

Ardhi isikudanganye pia. Watu husema "farasi wananipa hasara lakini shamba limepanda bei mara mbili." Ikiwa ulinunua ardhi hasa kwa kungoja ipande bei, kanuni inaihesabu kama shughuli nyingine, isipokuwa ufugaji wenyewe unapunguza gharama halisi ya kuishikilia. Mfugaji mwenye hasara hawezi kuonyesha hivyo kwa urahisi.

Farasi mdogo wa binti yako aondoke kwenye vitabu leo. Najua anakula nyasi zilezile. Gawanya bili, lipa sehemu yake kutoka mfuko wa nyumbani. Hakuna kinachomfurahisha mkaguzi kama kukuta ada ya mashindano ya watoto katikati ya gharama za biashara. Vivyo hivyo gari: andika maili za banda na maili za sokoni.

Unaowalipa nao wana karatasi zao. Kijana anayekuja kila asubuhi kwa saa unazompangia wewe ni mwajiriwa, hata mkikubaliana kumwita kibarua. Fundi wa kwato anayehudumia mabanda ishirini ni mkandarasi, na unapaswa kutoa taarifa ya malipo yake yakifikia kiwango. Kwa malipo ya kuanzia 2026 kiwango kimepanda kutoka dola 600 hadi 2,000.

Majimbo yana mambo yake. Kentucky hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6 kwenye ada ya dume. Florida, ambako Wellington hujaa watu wa dresaji kila majira ya baridi, hupunguza kodi ya ardhi inayotumika kwa kilimo cha kibiashara cha kweli. Uliza ofisi ya kata yako kabla ya kununua, si baada ya bili kufika.

Ukiona ni hobi

Pengine umefika hapa ukaona kwamba mpango haulipi, saa 500 hazipo, na farasi wako mzee hutamuuza kamwe. Basi ni hobi, na hakuna aibu. Taja mapato yake kwenye ritani, acha gharama, lala usingizi. Wengi wenye farasi wa dresaji wako hapo, na walio hatarini ni wale wanaojiandikia hasara ya 30,000 kila mwaka kwa miaka kumi na mbili huku wakijua moyoni jibu.

Kwa aliye katikati, atasikia habari za Fomu 5213. Ni ombi la kuahirisha uamuzi hadi miaka saba ya kwanza ipite. Inavutia, lakini inaongeza pia muda ambao IRS inaweza kuirudia miaka hiyo, na ni kama kuwaandikia barua ya kujitambulisha. Washauri wengi huwaambia wateja wao waiache, nami nakubaliana nao, isipokuwa pale ukaguzi umeshaanza na unahitaji muda. Inapaswa kupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya ritani ya mwaka wa kwanza, au siku 60 baada ya kupata taarifa kwamba hasara zako zitakataliwa, lolote litakalotangulia.

Barua ya ukaguzi ikija, usiijibu peke yako usiku huohuo. Mtafute mhasibu au mwanasheria aliyewahi kushughulikia kesi za farasi, mpe mpango, zile kurasa za kila mwaka, kalenda ya saa na taarifa za benki. Usitengeneze karatasi mpya zenye tarehe za zamani. Mkishindwa kukubaliana, IRS itakutumia taarifa rasmi ya upungufu wa kodi, na kuanzia tarehe yake una siku 90 za kufungua shauri Mahakama ya Kodi bila kulipa kwanza kodi inayobishaniwa. Siku ya 91 mlango kwa kawaida umefungwa. Ikiwa kiasi hakizidi dola 50,000 kwa mwaka mmoja, unaweza kuomba utaratibu wa kesi ndogo, ambao ni mwepesi na hauna ugumu wa kanuni za ushahidi, ila uamuzi wake haukatiwi rufaa na upande wowote.